Parachichi: Tunda linalogawanya meza, na jinsi ya kupatanisha walaji
Na MWANDISHI WETU

KATA parachichi wakati wa chakula cha mchana, msomaji mpendwa, kisha uzitazame nyuso za jamaa walioketi mezani. Baba atanyoosha mkono mara moja, achukue kipande na kukiweka juu ya githeri yake. Kitinda mimba atasogeza sahani kando akisema hawezi kula kitu kinachoteleza kama sabuni. Naye shemeji aliyekuja kutembea kutoka Mombasa atauliza iwapo kuna maziwa na sukari, kwa sababu yeye amezoea kulinywa kwa gilasi.

Wahenga walinena kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Hata hivyo, ni matunda machache yanayozusha ubishi katika nyumba zetu za mijini kama hili ambalo wengi huliita avokado.

Usiudharau ubishi huo. Mezani ndipo watoto wanapojifunza kuheshimu au kudharau chakula cha watu wengine. Isitoshe, hili ni miongoni mwa matunda machache yenye mafuta mengi na ambayo msimu wake ukifika, hata mwenye kipato cha chini anaweza kulinunua kwa mama mboga. Likitupwa jalalani kwa sababu ya kutoelewana, hasara ni ya nyumba nzima.

KILA MTU NA KWAO

Katika maeneo ya kati ya Kenya, parachichi na githeri au mukimo ni kama chanda na pete. Wengine hulila kwa ugali na sukuma wiki, au hulikata vipande na kulichanganya na kachumbari. Wanafunzi wanaojipikia hulipaka kwenye mkate na kunyunyizia chumvi, likawa siagi yao mpaka pesa za matumizi zitakapotumwa kutoka nyumbani.

Pwani, juisi ya parachichi ni kinywaji cha heshima. Anayedhani huo ni upuuzi na avuke mipaka aone. Huko Brazil watu wengi hulila na sukari, ndimu na maziwa. Nchini Indonesia hulisaga na maziwa mazito matamu na kulitia chokoleti. Katika maduka ya juisi jijini Addis Ababa, parachichi humiminwa gilasini pamoja na juisi za matunda mengine, kila moja ikikaa kwa tabaka lake.

Lakini huko Mexico, ambako tunda hili limeliwa kwa maelfu ya miaka, walaji wengi hulitaka kwa chumvi na pilipili. Kwa hivyo, msomaji, anayetia sukari hakukosea, na anayetia chumvi hakukosea. Kila mmoja alifunzwa na mama yake.

KWA NINI WENGINE HULIKATAA?

Sababu ya kwanza ni kwamba watu wengi hukutana na parachichi baya siku ya kwanza. Tunda hili haliivi likiwa mtini. Hukomaa huko juu, kisha huanza kulainika baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa, hunyauka na kuwa kama mpira, na ladha yake huwa ya majimaji au chungu. Mtoto aliyeanza na la namna hiyo hatalisahau upesi.

Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba katika miaka ya karibuni, Mamlaka ya Kilimo na Chakula nchini imekuwa ikisimamisha kwa muda uuzaji ng'ambo, kwa njia ya meli, wa maparachichi aina ya Hass na Fuerte kila mwaka unapokaribia kwisha. Nia ni kuzuia matunda machanga yasiharibu jina la Kenya sokoni. Nawe mnunuzi wa mtaani, kuwa mwangalifu zaidi miezi hiyo.

Sababu ya pili ni ulaini wake. Kuna watu ambao ndimi zao hazipatani na kitu laini chenye mafuta ambacho si kitamu wala si kichachu. Hao hawaringi. Mara nyingi likipondwa na kuchanganywa na kitunguu kinachotafunika, chuki hupungua.

Sababu ya tatu ni moto. Parachichi likipikwa sana huwa chungu. Ukitaka kulila na chakula moto, liweke mwishoni, sahani ikiwa tayari mezani.

Mwisho, wapo wachache ambao miili yao hulikataa kabisa, hasa baadhi ya wale wanaodhurika na vifaa vya mpira kama vile glavu. Mtoto akilalamika kwamba mdomo unamwasha, au midomo ikivimba, usimlazimishe wala usimwite mkaidi. Mwondolee sahani na umwone daktari.

HATA RAIS ALIINGILIA

Chakula kilicholeta tunda hili umaarufu duniani ni guakamole, yaani parachichi lililopondwa na kutiwa viungo. Jina hilo limetokana na lugha ya Kinahuatl, iliyozungumzwa na Waazteki wa Mexico. Kwao tunda liliitwa ahuacatl, na mchuzi au rojo liliitwa molli. Ukiyaunganisha unapata rojo la parachichi.

Wao hawakuwa na mashine. Hadi leo, wapishi wengi wa Mexico hutumia kinu kifupi cha jiwe chenye miguu mitatu, kiitwacho molcajete. Kinu na mchi wako wa kutwangia kitunguu saumu vitafanya kazi hiyo hiyo.

Ubishi juu ya guakamole umewahi kufika Ikulu ya Marekani. Mnamo Julai 2015, gazeti la The New York Times lilipendekeza watu watie njegere mbichi ndani yake. Wasomaji walikuja juu. Barack Obama, aliyekuwa Rais wakati huo na ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alijibu hadharani kwamba analiheshimu gazeti hilo lakini njegere hazikubali. Kwake yeye, ni kitunguu, kitunguu saumu na pilipili kali.

Hata hivyo, wapo Wamexico ambao wangembishia Rais huyo kuhusu kitunguu saumu. Wengine hawataki nyanya. Kwa hivyo, ikiwa nyumbani kwako mnazozana, jueni hamko peke yenu.

CHAGUA VYEMA SOKONI

Aina mbili zinazojulikana sana ni Fuerte na Hass. Fuerte ina ngozi laini ambayo hubaki kijani hata ikiiva. Hass ina ngozi yenye vipele ambayo hugeuka kutoka kijani na kuwa ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Kwa hivyo usimlaumu mama mboga kwamba anakuuzia Hass iliyooza kwa sababu ya weusi wa ganda pekee.

Liweke tunda kwenye kiganja na ulibonyeze polepole karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo, liko tayari. Likiwa gumu kama jiwe, lifunge kwenye karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa hewa inayoharakisha kuiva, na kwa siku chache litakuwa tayari. Tafadhali usilibonyeze kwa kidole gumba kisha ukaliacha hapo. Unamwachia mwenzako jeraha.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwa watu wanne au watano, tafuta maparachichi matatu yaliyoiva, kitunguu kimoja kidogo, nyanya moja ngumu, pilipili mbichi moja, dania kiasi cha kujaa ngumi, ndimu moja na chumvi nusu kijiko cha chai.

1. Osha maparachichi kwa nje kabla ya kuyakata, kwani kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani ya tunda.

2. Katakata kitunguu, pilipili na dania. Twanga nusu ya mchanganyiko huo pamoja na chumvi mpaka utoe maji na harufu.

3. Pasua kila parachichi kwa urefu, zungusha vipande viwili vitengane, kisha toa kokwa kwa kijiko. Usilipige kokwa kwa kisu ukiwa umelishika tunda mkononi. Wengi wamejikata vibaya kwa njia hiyo.

4. Chota nyama ya tunda, uiweke kinuni na kuiponda kwa uma au mchi. Acha vibonge vidogo vidogo. Isiwe uji.

5. Toa mbegu za nyanya, ikatekate, kisha uichanganye na kile kitunguu kilichobaki. Kamulia nusu ya ndimu, onja, halafu uongeze ukipenda.

Sasa hii ndiyo njia ya kumaliza ugomvi. Ponda parachichi na chumvi na ndimu pekee katika bakuli kubwa. Kitunguu, pilipili, nyanya, dania na kitunguu saumu viweke kila kimoja kwenye kibakuli chake. Kila mtu ajichanganyie. Dania hasa iwe kando, kwa maana kuna watu ambao huisikia kama sabuni mdomoni, na wataalamu wamehusisha jambo hilo na maumbile ya kurithi. Labda mtoto wako hajidekezi. Labda ni dania.

Huhitaji kununua vibanzi vya mahindi kutoka supamaketi. Kula na chapati, mhogo wa kuchemsha au kukaanga, viazi vitamu, ugali wa jana uliochomwa, au hiyo hiyo githeri.

YALIYOBAKI

Parachichi hugeuka rangi ya kahawia likikutana na hewa. Ndimu hupunguza kasi hiyo. Funika kwa karatasi ya plastiki iguse chakula chenyewe, uweke kwenye friji, na ule kabla ya siku kupita. Wanaotia kokwa ndani ya bakuli hawaokoi kitu ila mahali pale kokwa lilipogusa.

Maganda, kokwa na majani usiwatupie kuku, sungura wala mbuzi. Mna sumu inayoweza kuwadhuru wanyama na ndege.

Kwa upande wa afya, gramu 100 za parachichi zina kalori 160 hivi na gramu 15 za mafuta, mengi yakiwa ya aina isiyodhuru moyo. Mafuta hayo husaidia mwili kufyonza vitamini za sukuma wiki na karoti, kwa hivyo kipande kimoja kando ya mboga si anasa. Lakini kalori hizo si chache, na kiasi ndicho dawa. Mwenye ugonjwa wa figo na amuulize daktari kwanza, kwa kuwa tunda hili lina potasiamu nyingi.

Maparachichi ya Kenya siku hizi huliwa mbali sana. Tangu 2022 yamekuwa yakiuzwa yakiwa mabichi moja kwa moja hata nchini China. Itakuwa aibu watu wa huko wayafurahie huku sisi tunayazozania na kuyatupa. Jumapili hii, weka bakuli katikati ya meza, uvizungushie vibakuli, na umwache kila mmoja ale apendavyo. Yule anayetaka sukari naye mpe sukari.