Umetuma ripoti 40? Sawa, ngapi zilikubaliwa?

Wacha nikuambie aibu yangu. Mwezi wangu wa kwanza wa kupima programu za simu, nilikesha hapa Kitui mjini nikichoma bando hadi nikatuma ripoti 40 za hitilafu. Rafiki yangu aliye Wote, kule Makueni, alituma 10 tu. Nikamcheka sana. Malipo yalipofika, zake 8 zilikuwa zimekubaliwa. Zangu? 6.

Yaani yeye asilimia 80, mimi asilimia 15. Na kwenye kazi hii, mara nyingi unalipwa kwa hitilafu iliyokubaliwa, si iliyotumwa. Ndivyo zilivyo kazi nyingi za majukwaa kama uTest, lililoanzishwa mwaka 2007: kampuni inaleta programu, nyinyi mnaijaribu kwa simu zenu, msimamizi anapitisha au anakataa. Ukikataliwa sana, jina lako linashuka.

Mkulima wa embe Makueni anaijua hii hesabu. Hahesabu embe alizochuma. Anahesabu zile mnunuzi amechukua, kisha anaangalia zilizokataliwa zina nini: nzi wa matunda, au zilichumwa mapema?

Nami nikazikalia zile 34 zilizokataliwa. 19 zilikuwa zimeripotiwa na wengine kabla yangu. 10 msimamizi alijaribu, hitilafu haikutokea. 5 zilihusu sehemu ambazo hatukuambiwa tupime. Ukicheki vizuri, hakuna aliyenionea. Sikuwa nasoma orodha ya zilizoripotiwa, sikuwa naandika hatua moja baada ya nyingine, na maagizo nilikuwa nayaruka.

Lakini kukubaliwa si kurekebishwa. Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu uliotoka kwa mradi wa Mozilla mwaka 1998, hutenganisha hitilafu iliyothibitishwa, iliyotatuliwa na iliyohakikiwa baada ya kutatuliwa. Fanya hivyo pia. Katika zile zangu 6, 4 zilirekebishwa: baada ya siku 2, 3, 3 na 90. Ukipiga wastani unapata siku 24.5, na hakuna hata moja iliyochukua muda huo. Chukua namba ya katikati, siku 3, halafu uulize ile ya siku 90 ilikwama wapi. Yangu ilikuwa neno lililoandikwa vibaya. Ile ya siku 2 ilikuwa kitufe kinachokata pesa mara mbili. Hapo unajua ni hitilafu gani zinawauma watu.

Sasa usije ukaabudu asilimia. Ukituma ripoti 2 rahisi zikapita zote, una asilimia 100 na mfuko mtupu. Soma asilimia pamoja na idadi, kila wakati.

Huhitaji digrii, mimi niliacha chuo. Chukua daftari, chora safu tano: tarehe ya kutuma, imekubaliwa au la, sababu ya kukataliwa, tarehe ya kurekebishwa, na kama ulipojaribu tena kwa simu ile ile ilikuwa imepona kweli. Siku ukidhulumiwa, daftari hilo ndilo litakutetea.

Mwezi uliopita nilituma 15, zikapita 11. Jamaa wa Wote bado ananishinda, lakini sasa najua ni kwa nini.