Oktani Si Nguvu: Petroli ya Ethanoli na Petroli ya Bei ya Juu (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliishia pale risasi ilipoondolewa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikafuata mwaka 2021. Risasi ilikuwa sumu, lakini haikuwekwa bure: ilizuia injini isigonge. Ilipotoka, wasafishaji wa mafuta walihitaji kitu kingine cha kufanya kazi hiyo, na kimojawapo ni ethanoli, pombe ile ile inayotokana na miwa, molasi au mahindi. Leo dereva wa London au Chicago akisimama kwenye pampu anakuta petroli ya kawaida yenye ethanoli, na pembeni yake petroli ya daraja la juu yenye bei inayouma. Anajiuliza ipi bora.

Swali hilo limekaa vibaya tangu mwanzo. Linachukulia kwamba ubora wa mafuta una kipimo kimoja na kwamba bei inakifuata. Petroli ina vipimo viwili ambavyo havifuatani, na ethanoli ndiyo inayotuonyesha hivyo waziwazi kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze na oktani. Ndani ya silinda, pistoni ikipanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi inatoa cheche, na moto unasambaa kwa mpangilio kuanzia pale. Mbano na joto vikizidi, mchanganyiko ulioko pembeni hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo ndipo unaposikia kile ambacho mafundi wanakiita kugonga: mlio mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa ukiwa unapanda mlima Kitonga na gia kubwa huku mguu umekandamiza mafuta hadi chini. Kugonga huko kukiachiwa kuendelee siku nyingi, kunatoboa pistoni. Namba ya oktani inaeleza jambo moja tu, nalo ni kiasi gani mafuta yanastahimili mbano kabla ya kujilipukia. Kuhusu nishati iliyomo ndani ya lita, haisemi lolote.

Ethanoli tupu ina oktani ya takriban 108, juu ya petroli yoyote ya kawaida inayouzwa vituoni. Juu ya hapo, inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto jingi na kuupoza mchanganyiko unaoingia kwenye silinda, jambo ambalo wenye magari ya mashindano wanalipenda sana. Lakini lita yake ina nishati ya megajuli 21 hivi, wakati lita ya petroli ina 32. Kwa hiyo ukiichanganya kwenye petroli unapandisha oktani na kushusha nishati kwa mkupuo mmoja. Anayedhani oktani kubwa ni mafuta yenye nguvu zaidi, hapo hesabu yake inavunjika.

Hasara yenyewe ni ya kiasi gani? Chukua E10, yaani petroli yenye ethanoli asilimia 10. Lita yake inabaki na megajuli 30.9 hivi, pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita litakwenda 11.6. Kwenye tenki la lita 40 ni sawa na kupunjwa lita moja na nusu kasoro kidogo. Hiyo si hasara ya kumfanya mtu auze gari, lakini ina maana kwenye bei. Tuseme petroli tupu inauzwa shilingi 3,000: E10 inakuwa na thamani ile ile ikiuzwa karibu 2,900. Ikiuzwa 2,980, dereva anaona nafuu kwenye risiti huku akiilipa tena barabarani. Bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA hapa Tanzania na EPRA nchini Kenya huhesabiwa kwa lita, na mnunuzi naye amezoea kufikiri kwa lita. Madereva wa Brazili ndio waliojifunza kufikiri vingine. Kule magari mengi hutumia petroli au ethanoli, upendavyo, na kanuni inayojulikana na kila mtu ni kwamba ethanoli inafaa kununuliwa pale bei yake inapokuwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli. Kanuni hiyo haikutoka hewani; ndiyo hesabu yetu ya megajuli, imefupishwa ili iweze kufanyika kichwani mbele ya pampu.

Sasa ile ya bei ya juu. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima petroli ya premiamu kwenye magari ambayo watengenezaji wake wanasema yatumie ya kawaida. Hakikuona faida ya maana, si kwenye nguvu, si kwenye matumizi ya mafuta, si kwenye moshi. Kilikadiria kwamba Wamarekani walitumia zaidi ya dola bilioni 2.1 katika mwaka mmoja kununua kitu ambacho injini zao haziwezi kukitumia. Injini isiyobana sana haina haja ya mafuta yanayostahimili mbano mkubwa, basi. Vituo husema premiamu ina sabuni ya kusafishia injini, na pengine ni kweli, lakini sabuni hiyo inaweza kuwekwa kwenye petroli ya daraja lolote. Haina uhusiano na oktani.

Uingereza ndiko vitu hivi viwili vinakoshindana ana kwa ana. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya oktani 95 kule ni E10, na ethanoli ya asilimia 5 imebaki kwenye ile ya 97 na kuendelea. Anayelipia ya juu anapata nishati zaidi kwa kama asilimia 2 hivi kwa sababu ethanoli ni kidogo, huku bei ikiwa imepanda mara kadhaa ya hapo. Kwa gari la kwendea kazini na kupeleka watoto shule, mimi sioni hoja ya kuinunua, isipokuwa kwa mambo mawili nitakayoyataja.

Kabla ya hapo, dereva wa Dar es Salaam au Nairobi afungue kifuniko cha tenki lake. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na ndani ya kifuniko kuna karatasi ya maandishi ya Kijapani inayotaja aina ya petroli. Japani wana madaraja mawili ya petroli: ya kawaida, ambayo kiwango chake kinaanzia oktani 89, na ile wanayoiita haioku, inayoanzia 96. Kwa hiyo premiamu ya Mjapani ni karibu sawa na petroli ya kawaida ya Mwingereza. Marekani wao hutumia wastani wa vipimo viwili, na 87 ya pampu ya Chicago ni kama 91 au 92 kwa kipimo cha Uingereza. Ndiyo maana neno premiamu halitoshi, uliza namba. Vitz au IST iliyotengenezewa oktani 89 haifaidi chochote kwa kupewa 97. Subaru Forester yenye turbo, au gari la Kijerumani lililopitia Japani, karatasi yake itasema haioku, na hilo si pambo.

Ukiipa Forester hiyo mafuta ya oktani ndogo, huenda usisikie mlio wowote. Kuna kifaa kinachosikiliza kugonga kwa injini, na kompyuta ikipata taarifa inachelewesha cheche. Injini inanusurika, lakini gari linakuwa zito na linakula mafuta zaidi. Hilo ni jambo la kwanza kati ya yale mawili: injini inayodai oktani ya juu kwa maandishi ipewe. Na kama gari la kawaida limeanza kugonga ghafla baada ya kujaza kwenye sheli usiyoizoea, usikimbilie kununua premiamu. Shuku kwanza uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko petroli, mwaka 2011 serikali ya Tanzania iliyapandishia ushuru ili kuondoa kishawishi hicho.

Jambo la pili ni umri wa gari na vitu vinavyogusana na mafuta. Ethanoli ni kiyeyusho. Inalainisha mipira ya zamani, inakula baadhi ya metali, na inabandua uchafu wa miaka mingi ndani ya tenki na kuupeleka kwenye chujio. Japani yenyewe iliweka ukomo wa ethanoli wa asilimia 3 mwaka 2003, baada ya mafuta yenye pombe nyingi kuharibu sehemu za aluminiamu, na E10 iliruhusiwa baadaye tu, kwa magari yaliyoandaliwa. Watengenezaji wengi waliuza magari hayo hayo Marekani, ambako E10 ni jambo la kila siku, kwa hiyo usitishike kupita kiasi; lakini pikipiki na gari la zamani lenye kabureta vihurumie.

Si kwamba ethanoli ni ngeni huku kwetu. Kenya iliichanganya kwenye petroli miaka ya 1980, ikitumia ile ya molasi kutoka kiwanda cha Muhoroni, kabla mpango huo haujafa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malawi ilianza 1982 kwa miwa ya Dwangwa, na Zimbabwe imewahi kulazimisha uchanganyaji wa asilimia 15 na hata 20. Palipo na miwa na uhaba wa dola, wazo hilo hurudi tena na tena.

Likirudi, wakazi wa pwani ndio watakaolazimika kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu ethanoli hunyonya maji hata yale yaliyomo hewani. E10 hubeba kama nusu asilimia ya maji bila tatizo, yaani mililita 200 hivi kwa tenki la lita 40. Ikizidi hapo, ethanoli inaikimbia petroli, inashikana na maji na kuzama chini ya tenki, pale pale pampu inapovuta. Petroli iliyobaki juu nayo imepungukiwa oktani. Gari linalotembea kila siku halifikii huko. Linalofikia ni lile linalokaa miezi uani, jenereta ya dharura, na mashine ya boti ambayo tenki lake linapumua hewa ya bahari. Mafuta yakishatengana hivyo, kuongeza petroli mpya juu yake hakusaidii. Fundi ayamwage yote, asafishe tenki, na abadilishe chujio.

Juma lijalo: dizeli na salfa.