Jiko la Umeme Kibugu: Hatari Iko Nyuma ya Ukuta

Katika eneo la Kibugu, kama kwingineko kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, jikoni kwa kawaida ni chumba cha peke yake, kando ya nyumba kubwa, chenye mawe matatu au jiko la kuni lililoboreshwa. Githeri huinjikwa asubuhi, watu wakaenda kuchuma majani chai, na kuni zikiisha moto hufifia wenyewe. Jiko la umeme halina tabia hiyo. Likishawashwa huendelea kuwaka mpaka mtu alizime, awe yuko karibu au yuko shambani. Tena huwekwa ndani ya nyumba kubwa, hatua chache kutoka kwenye pazia na viti vya sebuleni.

Si sababu ya kuliogopa. Jiko la umeme halitoi moshi unaoumiza macho na mapafu ya akina mama na watoto, na halimtumi mtu msituni kutafuta kuni. Kampuni ya Kenya Power yenyewe imekuwa ikihimiza wateja wapike kwa umeme kupitia kampeni yake ya Pika na Power. Lakini familia nyingi zinapolinunua huangalia idadi ya sahani za kupikia, ukubwa wa oveni na bei, kisha jiko linachomekwa ukutani siku hiyo hiyo. Kitu ambacho hakiangaliwi ni waya uliofichwa ndani ya ukuta, na mara nyingi hapo ndipo moto unapoanzia.

Mzigo ambao waya haukuandaliwa kuubeba

Balbu ya kisasa hutumia takriban wati 9. Runinga ya kawaida ni wati 50 hadi 100, na chaja ya simu ni chini ya hapo. Sahani moja ya jiko la umeme hutumia wati 1,000 hadi 2,000. Kwa maneno mengine, kuwasha sahani moja ndogo ni sawa na kuwasha balbu zaidi ya mia kwa wakati mmoja.

Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo haukatiki papo hapo. Hupata joto. Leo unapata joto kidogo, kesho tena, plastiki inayoufunika inakauka na kupasuka, hadi siku moja nyaya mbili zinagusana nyuma ya mbao za ukuta. Mwenye nyumba anaweza kupika miezi mingi bila tatizo lolote na kuamini kwamba yote yako sawa, kumbe waya unaendelea kuchakaa.

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240. Soketi ya kawaida ya ukutani na plagi yake ya miguu mitatu zimetengenezwa kubeba ampea 13, yaani wati 3,120 kwa kipimo cha juu kabisa. Jiko dogo la mezani lenye wati 2,000 huvuta ampea 8 na kidogo, kwa hiyo linaweza kutumia soketi, mradi soketi hiyo iwe nzima, iwe na waya wa milimita 2.5 mraba, na isiwe inabeba pasi au birika ya umeme wakati huo huo. Waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita 1.5 mraba, haufai kwa kazi hii hata kama fundi fulani amechomoa soketi kutoka hapo ili kupunguza gharama.

Jiko kubwa la kusimama, lenye sahani nne na oveni, ni jambo jingine kabisa. Vyote vikiwashwa pamoja linaweza kufika wati 8,000, ambazo ni zaidi ya ampea 33. Hakuna soketi ya ukutani inayoweza kubeba hilo. Jiko kama hilo linahitaji waya wake lenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, wa milimita 6 mraba au zaidi, sakiti breka yake lenyewe, na swichi kubwa ya ukutani. Swichi hiyo iwe kando ya jiko na si juu yake, ili moto ukiwaka kwenye sufuria mtu aweze kuizima bila kupitisha mkono juu ya ndimi za moto.

Wenye majiko ya mchanganyiko, yale ya gesi yenye sahani moja ya umeme na oveni, nao wasome kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Idadi ya wati imeandikwa hapo.

Nyumba zilizopata stima juzi

Nyumba nyingi za mashambani ziliunganishwa na umeme kupitia mradi wa Last Mile Connectivity, ulioanza mwaka wa 2015. Baadhi ya nyumba ambazo hazikuwa na nyaya ndani zilifungiwa ubao mdogo uliotayarishwa, wenye soketi chache na mahali pa balbu. Ubao huo umeleta mwanga, redio na chaji ya simu kwenye nyumba ambazo zingesubiri miaka mingi. Haukukusudiwa kupikia chakula cha familia ya watu saba. Mwenye ubao kama huo anayetaka jiko la umeme anapaswa kwanza kuifanyia nyumba mpango kamili wa nyaya.

Hapa ifahamike mpaka wa wajibu uko wapi. Nyaya za nje hadi kwenye mita ni za Kenya Power. Kuanzia mita kuingia ndani ni mali na jukumu la mwenye nyumba, na kazi hiyo kisheria hufanywa na fundi au mwanakandarasi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019. Kumwomba fundi aonyeshe leseni si kumvunjia heshima. Fundi mzuri huwa nayo na haoni shida kuitoa.

Fundi huyo aulizwe jambo moja bila kuchoka: waya wa ardhi. Ni ule wenye rangi ya kijani na manjano, unaotoka kwenye mguu mrefu wa plagi hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini nje ya nyumba. Jiko la umeme ni sanduku la chuma. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa chuma hicho, waya wa ardhi huupeleka umeme chini na kuifanya breka ianguke. Usipokuwepo, umeme hubaki kwenye jiko ukisubiri mtu wa kuligusa, na katika jikoni lenye sakafu iliyolowa maji hilo ni jambo la kifo. Anayehisi mkono ukiwashwawashwa anapogusa ubavu wa jiko asiseme ni stima kidogo tu. Azime swichi kuu na asilitumie tena mpaka likaguliwe.

Kuna desturi nyingine ambayo imeenea kuliko inavyofaa. Sakiti breka ikianguka kila mara jiko linapowashwa, huitwa mtu aje aweke kubwa zaidi, au fyuzi ya plagi inabadilishwa na kipande cha waya. Breka haisumbui bure. Inasema waya umezidiwa. Ukiweka breka ya ampea 32 juu ya waya uliofaa breka ya ampea 10, kitakachokata umeme siku ya hatari ni moto wenyewe.

Ekstensheni haifai kwa jiko la umeme, hasa ile iliyozungushwa na kuachwa imejikunja, kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Plagi iliyobadilika rangi, soketi yenye joto mkononi au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili za kutosha kuacha kupika. Nyumba za mbao zina tatizo la ziada la panya, ambao hutafuna nyaya nyuma ya mbao, na inafaa fundi aangalie huko angalau mara moja kila baada ya miaka michache.

Stima ikipotea katikati ya mapishi

Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ndiyo wakati umeme hupotea mara nyingi, miti inapoangukia nyaya. Tokeni nazo huisha bila kumwuliza mtu. Katika hali zote mbili sahani hupoa, mpishi anahamishia sufuria kwenye kuni, na vifundo vya jiko vinabaki vilivyokuwa. Baadaye kitambaa cha meza, kikapu au nguo mbichi za mtoto zinawekwa juu ya jiko kwa sababu ni mahali pakavu. Saa tatu usiku mtu anaingiza tokeni, taa zinawaka, watu wanafurahi na kwenda kulala, na jikoni sahani inaanza kupata moto chini ya zile nguo.

Kwa hiyo umeme ukipotea, kabla ya kutafuta mshumaa au tochi, vifundo vyote vya jiko virudishwe kwenye sufuri na swichi ya ukutani izimwe. Watoto wakubwa wafundishwe hivyo pia. Na juu ya jiko pasigeuzwe kabati wala kamba ya kuanikia, hata wakati wa baridi ya Julai. Vilevile oveni haikutengenezwa ili iachwe wazi kupasha chumba joto.

Kupika na kutunza

Sahani ya chuma haionyeshi joto lake kama kaa la moto. Inaweza kuwa nyeusi kabisa na bado ikaunguza mkono dakika kumi na tano baada ya kuzimwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayejifunza kusimama iweke jiko mahali asipofikia, na mikono ya vikaango ielekezwe ukutani.

Sufuria iwe na kitako bapa na itoshee sahani. Sufuria ya alumini iliyobonyea hugusa sahani sehemu moja tu, chakula kinachelewa na yuniti zinaenda. Sahani ya wati 1,500 ikiwaka kwa nguvu zote saa nzima hula yuniti moja na nusu. Githeri ya saa tatu kwenye sahani wazi basi ni ghali, na wengi hukata tamaa hapo. Birika maalum la umeme la kupikia kwa mvuke, yaani presha kuka, huwa na wati 1,000 hivi na hujizima na kujiwasha lenyewe joto likifika, hivyo maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Wateja wa majumbani pia wakumbuke kwamba bei ya yuniti hupangwa kwa viwango: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Anayeanza kupika kwa umeme anaweza kupanda kiwango na kushangaa tokeni za shilingi zile zile zimepungua.

Usafi ni kila siku, jiko likiwa limezimwa ukutani na limepoa. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Maji hayamwagwi juu ya jiko kamwe, kwani huingia chini ya sahani zilipo nyaya. Maziwa au uji uliofurika ufutwe mapema kabla haujawa mkaa. Sahani za chuma zikishafutwa ziwashwe dakika moja au mbili zikauke, na kupakwa mafuta kidogo sana mara moja moja ili zisishike kutu. Mafuta yaliyorundikana ndani ya oveni nayo huwaka, kwa hiyo yasiachwe.

Ikitokea ajali

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima swichi ya ukutani kama inafikika na ufunike sufuria kwa kifuniko au sinia ya chuma. Iache imefunikwa mpaka ipoe. Maji huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Sufuria isibebwe kutolewa nje. Jiko lenyewe likiwaka, zima swichi kuu, toeni watu wote, na kizimamoto cha unga au cha hewa ya kaboni ndicho kinachofaa.

Mtu aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mkono. Swichi kuu izimwe kwanza. Isipofikika, asukumwe mbali kwa mti mkavu, anayesaidia akiwa amesimama mahali pakavu. Akiwa hapumui, aanze kukandamizwa kifua huku msaada ukiitwa. Hata aliyeinuka na kusema hana neno apelekwe hospitali, kwa maana umeme unaweza kuuvuruga moyo bila kuacha alama kubwa kwenye ngozi.

Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kolgeti, unga, mayai na asali havifai. Huziba joto ndani, na wahudumu wa afya hulazimika kuvikwangua kwenye kidonda kabla ya kuanza matibabu.

Huduma za zimamoto ziko chini ya serikali ya kaunti, na nambari za dharura za kitaifa ni 999 na 112, bila malipo. Waya wa nje ulioanguka, nguzo iliyoinama au mita inayotoa cheche huripotiwa kwa Kenya Power kupitia 97771 au *977#. Anayeripoti awe na nambari ya mita mkononi.