Mwanga, dhahabu na saratani: utafiti umefika wapi, na mama afanye nini leo

Huenda umepokea ujumbe kwenye simu unaosema kwamba wanasayansi sasa wanaua saratani kwa mwanga na dhahabu. Ujumbe wa namna hiyo una ukweli ndani yake, lakini pia unaweza kupotosha. Kwa mama anayemuuguza mtoto, mume au mzazi, jambo hili si dogo. Ukweli unampa matumaini. Upotoshaji unaweza kumfanya aache dawa za hospitali akisubiri tiba ambayo haijafika.

Hapa tunaeleza utafiti huo unavyofanya kazi, ulikofika, na mambo unayoweza kuyafanya leo.

Kwa ufupi

• Chembe ndogo sana za dhahabu zinaweza kuugeuza mwanga kuwa joto ndani ya uvimbe na kuua seli za saratani.
• Njia hii imejaribiwa kwa watu wachache, hasa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Si tiba ya kawaida ya watoto.
• Taa, dhahabu ya kunywa au kukaa juani havitibu saratani.
• Kinachookoa maisha leo ni kuwahi hospitali na kumaliza matibabu.

Saratani inaanzaje?

Mwili umejengwa kwa seli. Kila siku seli nyingine huzeeka na kufa, na nyingine hugawanyika ili kuziba nafasi. Saratani huanza pale maelekezo yaliyomo ndani ya seli yanapoharibika, seli ikaendelea kugawanyika bila kutii amri ya kusimama. Katika saratani nyingi, seli hizo hujikusanya na kuwa uvimbe.

Uvimbe unaokua haraka unahitaji chakula na hewa, kwa hiyo huvuta mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo hujengwa harakaharaka, na mara nyingi kuta zake hubaki na matundu. Watafiti wa Japani walilieleza jambo hili mwaka 1986, na kwa miaka mingi wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuyatumia matundu hayo kama mlango wa kuingizia dawa kwenye uvimbe.

Wanatafuta mlango huo kwa sababu dawa nyingi za saratani huzunguka mwili mzima. Huua seli mbaya, lakini pia hudhuru seli nzima zinazogawanyika haraka. Ndiyo maana mtoto aliye kwenye dawa hunyonyoka nywele, hutapika au hupata vidonda mdomoni. Ingepatikana njia ya kuupiga uvimbe peke yake, mateso hayo yangepungua.

Mwanga unapitaje mwilini?

Jaribu hili ukiwa gizani. Washa tochi ya simu, kisha iweke chini ya kidole. Kidole kitang'aa rangi nyekundu. Mwanga wa tochi una rangi nyingi, lakini damu na nyama humeza sehemu kubwa ya rangi ya bluu na kijani. Nyekundu ndiyo inayopenya zaidi.

Baada ya nyekundu kuna mwanga mwingine ambao macho hayauoni, unaoitwa infraredi ya karibu. Huu hupenya nyama vizuri zaidi kuliko rangi tunazoziona. Hata hivyo haufiki mbali: kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyofifia, na baada ya sentimita chache hubaki kidogo sana.

Kwa nguvu ndogo, mwanga huu hupita mwilini bila kuunguza. Kwa hiyo peke yake hauui saratani. Unahitaji kitu ndani ya uvimbe cha kuudaka.

Chembe za dhahabu hufanya nini?

Kitu hicho ni chembe za nano, yaani chembe ndogo kupindukia. Gawa milimita moja mara milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Chembe zilizotengenezwa na Profesa Naomi Halas wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, zina upana wa nanomita 150 hivi. Mamia yake yakipangwa kwenye mstari ndiyo yanafikia upana wa unywele mmoja.

Kila chembe ina kiini cha silika, ambayo pia ndiyo sehemu kubwa ya mchanga na kioo, na juu yake imefunikwa ganda jembamba la dhahabu. Unene wa ganda hilo ndio unaoamua ni mwanga gani utakaodakwa. Ni kama ngoma: ndogo na kubwa hazitoi sauti moja, kila moja ina mlio wake. Watafiti walichagua vipimo vinavyoifanya chembe iitikie infraredi ya karibu, ule mwanga unaopenya mwilini.

Mwanga huo unapoigonga chembe, umeme mdogo ulio ndani ya dhahabu huanza kuyumba. Mfikirie mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa wakati unaolingana na mwendo wake, anapanda juu zaidi na zaidi. Mwanga unaolingana na chembe nao huiyumbisha hivyo, na nguvu yake hugeuka kuwa joto.

Joto hilo huipika seli. Unajua ute wa yai unavyobadilika ukikutana na kikaango: ulikuwa mwepesi na wa kupenya macho, sasa ni mweupe na mgumu, na haurudi ulivyokuwa. Protini za seli ya saratani nazo huharibika zikipata joto la kutosha, na seli hufa. Nyama ya jirani isiyo na chembe haipati joto kama hilo.

Matokeo yakoje hadi sasa?

Mwaka 2003, Halas na mwenzake Profesa Jennifer West walichapisha matokeo ya mwanzo. Seli za saratani ya matiti ya binadamu zilizokuzwa maabara zilikufa zilipowekewa chembe na kumulikwa. Zilizomulikwa bila chembe hazikufa. Mwaka 2004 walionyesha kwamba uvimbe wa panya waliotibiwa hivyo ulitoweka, na panya hao waliendelea kuishi bila saratani kwa zaidi ya siku 90.

Kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu. Matokeo ya jaribio la kwanza la tezi dume yalichapishwa mwaka 2019. Lilifanyika katika hospitali ya Mount Sinai, New York, na lilihusisha wanaume 16 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi na haikuwa ya aina kali zaidi. Walidungwa chembe kwenye mshipa, kisha siku iliyofuata madaktari waliingiza nyuzi nyembamba za mwanga wa leza hadi kwenye uvimbe, wakiongozwa na picha za mashine. Matibabu yalikamilika kwa wanaume 15. Baada ya mwaka mmoja, 13 kati yao hawakuonekana kuwa na saratani katika sehemu iliyotibiwa.

Hiyo ni habari njema, lakini isome kwa makini. Watu 15 ni wachache. Hapakuwa na kundi jingine lililopewa tiba ya kawaida ili kulinganisha. Na mwaka mmoja ni muda mfupi kwa saratani ya tezi dume, ambayo mara nyingi hukua polepole.

Kwa nini haijafika kwenye wodi ya watoto?

Kwanza, mwanga lazima ufike kwenye uvimbe. Tezi dume ni ndogo na inafikika kwa sindano. Saratani ya damu, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi, haina uvimbe mmoja wa kumulika. Imo kwenye damu na uboho, mwili mzima. Vilevile saratani iliyokwisha kusambaa haiwezi kufuatwa kwa leza kila ilipo. Hapo dawa zinazozunguka mwili bado ndizo tegemeo.

Pili, chembe nyingi hazifiki zinakotakiwa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za wanyama za miaka 10. Walikuta kwamba kwa kawaida ni chembe 7 tu kati ya kila 1,000 zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi hukamatwa na ini na bandama, viungo vinavyosafisha damu.

Tatu, dhahabu iliyokamatwa kwenye ini inaweza kukaa humo muda mrefu. Kwa mtoto ambaye bado anakua na ana miaka mingi mbele yake, usalama huo unatakiwa kuthibitishwa kwanza.

Je, kuna tiba za mwanga zilizokwisha kuruhusiwa?

Zipo, ila hazitumii chembe za dhahabu. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa inayodungwa kwenye mshipa, ambayo ikimulikwa kwa mwanga mwekundu hutengeneza sumu ndani ya uvimbe. Iliruhusiwa kwa wagonjwa ambao saratani ya umio imewaziba njia ya chakula. Haimalizi ugonjwa kwa wagonjwa hao, ila huwafungulia njia ya kumeza. Mgonjwa hulazimika kukwepa jua kwa siku 30 au zaidi, kwa sababu ngozi yake nayo inakuwa na dawa.

Mwaka 2020 Japani iliruhusu tiba nyingine, ambamo kinga maalumu inayoshika seli za saratani hubeba rangi inayoamshwa na infraredi ya karibu. Inatumika kwa saratani za kichwa na shingo ambazo upasuaji umeshindwa kuziondoa au zimerudi.

Joto ambalo tayari linawasaidia akina mama

Kutumia joto kuua seli mbaya si jambo la mbali. Katika vituo vingi vya afya Afrika Mashariki, mama hupimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki nyepesi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikiwa mabadiliko hayo bado si saratani na yanafaa kwa tiba hii, muuguzi aliyefunzwa huyaunguza kwa kifaa chenye ncha iliyopashwa joto la nyuzi 100 hivi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii mwaka 2019.

Shirika hilo linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU waanze wakiwa na miaka 25. Binti yako naye anaweza kukingwa kwa chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Uliza shuleni au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Dalili ambazo hazipaswi kusubiri kwa mtoto

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wanaopata saratani hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya 30. Tofauti hiyo haitokani na leza wala dhahabu. Sababu kubwa ni kuchelewa kugundua ugonjwa, kukosa dawa na huduma, na kuacha matibabu katikati. Mpeleke mtoto hospitali ukiona:

• Weupe kwenye mboni ya jicho, au jicho moja kung'aa jeupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Pia jicho lililoanza kwenda upande.
• Uvimbe tumboni, shingoni, kwenye taya au popote, hata kama hauumi.
• Homa isiyoisha, kukonda au kupauka bila sababu inayojulikana.
• Kutoka damu au kuvilia damu chini ya ngozi kwa urahisi.
• Maumivu ya mifupa, au mtoto kuacha kutembea.
• Kuumwa kichwa na kutapika, hasa asubuhi.

Dalili hizi mara nyingi husababishwa na magonjwa mengine. Lakini kama umepewa dawa na hali haijabadilika, rudi tena, na usione haya kumuuliza daktari: "Je, inaweza kuwa saratani?"

Mtu akikuletea "tiba ya mwanga"

Muulize mambo haya: Inatolewa hospitali gani? Daktari wa saratani anayemtibu mtoto wangu anaijua? Imeruhusiwa na mamlaka ya dawa nchini? Je, natakiwa kuacha dawa za sasa? Kama ni utafiti, kuna fomu ya ridhaa inayoeleza hatari zake na haki yangu ya kukataa?

Akikwambia uache dawa, usiendelee naye. Taa nyekundu za kununua, dhahabu ya kunywa au kupaka, na kumwanika mtoto juani si tiba hii tuliyoieleza. Jua lenyewe linaweza kusababisha saratani ya ngozi, na watoto wenye ualbino wako hatarini zaidi.

Kama nauli, chakula au malezi ya watoto wengine nyumbani ndiyo yanayokufanya ufikirie kuacha matibabu, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaondoka wodini. Hospitali nyingi zinazotibu saratani za watoto zina utaratibu wa kusaidia familia, na mara nyingi msaada huo huanza pale mzazi anaposema hali yake.