Praima kwa Vyombo vya Mfano na vya Kuchezea

Anayeunda mtumbwi mdogo wa mbao au lori la mfano kwa vipande vya bati huhitaji praima kidogo sana. Ndiyo maana wateja wengi wa maduka ya vifaa vya ujenzi, Chato na kwingineko, hupimiwa katika chupa tupu ya maji badala ya kununua kopo lililofungwa. Bei huwa nafuu. Hata hivyo, chupa hiyo haina jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala maelezo ya kilichomo, na kwa chombo kitakachoshikwa na mtoto maelezo hayo ndiyo yenye thamani kuliko rangi yenyewe.

Tunalolihofia zaidi ni madini ya risasi. Kwa miaka mingi yaliongezwa katika rangi ili ikauke upesi na kuzuia kutu. Praima nyekundu ya risasi ilipakwa hata kwenye meli na madaraja. Praima nyekundu iliyozoeleka leo hupata wekundu wake kutokana na oksaidi ya chuma, lakini kwa macho matupu mlaji hawezi kuzitofautisha. Viwango vya rangi vya Afrika Mashariki vinaweka ukomo wa risasi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni. Kwa upande wake, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na mtoto hutia mdomoni chochote anachochezea.

Tunashauri ununue kopo dogo lililofungwa, lenye lebo inayosomeka na alama ya ubora ya TBS. Masalio ya praima ya geti au ya gari yasitumike kwa vyombo vya kuchezea, hata yawe imara kiasi gani. Dai risiti na uitunze.

Baada ya usalama, angalia unachokipaka. Mbao hupigwa msasa, hufutwa vumbi, kisha hupakwa praima ya maji. Bati la kuezekea ni gumu zaidi kulihudumia: limefunikwa kwa zinki, na rangi ya mafuta ikikutana na zinki hutengeneza tabaka la sabuni chini yake, kisha hubanduka kama ganda. Wengi humlaumu fundi, kumbe kosa ni la praima. Ulizia iliyoandikwa kuwa ni ya mabati, na kwanza osha bati kwa sabuni hadi mafuta yaishe. Plastiki huweza kuyeyushwa na thina kali. Jaribu mahali pasipoonekana.

Paka matabaka mawili membamba, kwani moja zito hufunika umbo la chombo na kuchuruzika. Fanya kazi kivulini, penye hewa ya kutosha, wala si alfajiri wakati umande wa ziwa bado haujakauka.

Chombo cha zamani kisichojulikana kilipakwa nini kisipigwe msasa kikavu, kwa kuwa vumbi lake huvutwa na kumezwa. Kiloweshe, watoto wakae mbali, na unawe mikono kabla ya kula. Ukitilia shaka praima iliyoko sokoni, ihifadhi pamoja na risiti na uwasiliane na ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa, Mwanza.