Mgeni wa Siku ya Tatu

Sikukuu zimekwisha. Pango la Noeli limeondolewa kanisani, nguo mpya za watoto zimefuliwa mara ya kwanza, na katika nyumba za Butembo umefika wakati ambao wazee wa jamaa huuogopa kuliko gharama zote za Desemba, yaani wakati wa kuhesabu watu. Kwa desturi yetu ndugu hukusanyika kula Noeli na Bonane pamoja, kisha kila mtu hushika njia ya kwake. Lakini tangu miaka mingi sasa wako ndugu wanaokuja wasirudi, kwa maana kule walikotoka hakurudiki.

Tunayoyasimulia hapa hayakutoka katika nyumba moja. Ni mambo ya nyumba nyingi tulizozizoea, Butembo na Beni, basi jirani asijaribu kumtafuta jirani yake humu.

Tuanze na majina, kwa sababu hata wingi wa watu husikika kwanza katika majina. Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, na msichana wa kwanza ni Masika. Katika nyumba ya baba mmoja na mama mmoja utaratibu huo hauna shida yo yote. Lakini kusanya ndugu watatu pamoja na wake zao na watoto wao katika kiwanja kimoja, kisha simama uani uite "Kambale!" Wataitika watatu, na wa nne atatoka jikoni akitafuna. Mapadre Waasumpsionisti, waliofika nchi hii mwaka 1929, walileta majina ya ubatizo kwa ajili ya wokovu wa roho. Leo majina hayo yanasaidia pia kumpata yule anayetakiwa kwenda kuchota maji.

Na hao waliozidi ni akina nani? Beni iko kaskazini mwa Butembo, mwendo wa kilometa 54 hivi. Kuanzia Oktoba 2014, mauaji ya raia yaliwafukuza watu wa Mbau, Oicha, Eringeti na vijiji vingi vya upande ule, nao wakayaacha mashamba ya kakao na mpunga. Kisha likaja gonjwa la Ebola, lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, nalo likaua watu 2,287. Bonane ya mwaka 2019 tulisalimiana bila kupeana mikono, na yatima wa gonjwa lile wakaingia katika nyumba za mashangazi na wajomba. Tena, mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na waasi wa M23, watu wa kusini nao walishika barabara ya Lubero kupanda huku. Butembo iko katikati. Hupokea kutoka pande zote mbili.

Siku ya kwanza ya mwaka, ambayo Kanisa linamheshimu Bikira Maria Mama wa Mungu, ndiyo pia Siku ya Amani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1968 kwa agizo la Papa Paulo wa Sita. Pengine duniani maombi ya siku hiyo husemwa kwa mazoea. Kwetu mtu huyasema akiwa anajua jina la kijiji anachokiombea. Tarehe 1 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa Kinshasa, kijana mmoja mkulima wa Eringeti alimweleza jinsi baba yake alivyouawa mbele ya macho yake, kisha akaweka chini ya Msalaba panga la namna ile iliyomuua. Panga, ambalo kila nyumba ya mkulima inalo, la kufyekea shamba!

Basi, tazama kiwanja chetu asubuhi ya Januari. Kabla ya jua kuchomoza, mama wa nyumba ameshawasha moto, maana watu kumi na wanane hawalishwi kwa chungu cha watu wanane. Maharagi yalilazwa motoni tangu jana. Unga wa muhogo umepimwa kwa kikombe, si kwa macho kama zamani. Mama huyu alikuwa na meza yake sokoni, akiuza mafuta ya mawese na chumvi. Tangu Desemba hajaifikia mara tatu kwa juma. Watu husifu ukarimu wa baba aliyefungua mlango, nasi twausifu. Lakini ukarimu ule hupikwa, hufuliwa na hufagiliwa na mtu mwingine, na mtaji wake ndio unaoliwa kwanza.

Watoto nao hushika mabidoni kwenda kisimani. Hapa sisi walimu tuna neno. Muhula wa pili unapofunguliwa, twaona darasani mtoto anayechelewa kila siku, miguu imelowa hadi magotini, akisinzia kabla ya saa nne. Ukimwuliza kwa upole, utakuta ni mtoto wa marehemu, au mtoto wa ndugu aliyekimbia vita. Mwenye nyumba amechota bidoni moja, au hakuchota. Yeye amechota tatu. Hakuna aliyeamuru hivyo. Jambo limejipanga lenyewe polepole, kwa sababu mtoto asiye na mama karibu hawezi kukataa.

Jumapili moja baada ya Misa wakubwa huketi: baba mkubwa na daftari lake, ndugu zake wawili, shangazi aliyetoka Beni, na bibi, ambaye hasemi mengi ila husikilizwa. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na Kanisa, haitozwi ada. Lakini sekondari inalipiwa. Daftari lina watoto watano wa sekondari, na fedha ni za watoto watatu. Hapo kimya huingia. Mara nyingi jina la kwanza kufutwa ni la msichana, na katika wasichana ni la yule aliyekuja na shangazi. Twasema wazi kwamba hesabu ya namna hiyo si hesabu, ni upendeleo uliovaa miwani. Tumeona pia jamaa walioamua vingine: wakubwa wakaacha bia ya mwezi mzima, zamu ya likelemba ikaelekezwa shuleni, na wote watano wakaingia darasani, wawili kati yao kwa deni lililoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mwalimu mkuu.

Kisha hufika zamu ya mjomba wa Mbau. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba huyu angelipokea jembe siku ya kwanza. Alikuwa na kakao yake. Alijenga kwa fedha yake. Leo anaomba kwa shemeji yake bei ya sabuni, naye huomba akitazama chini. Kila asubuhi hupiga simu Oicha kuuliza habari za njia, halafu huketi ukutani akichonga mipini ambayo haina majembe. Na Butembo yenyewe ni mji wa vilima, mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, ambako kakao haistawi na kila mteremko una mwenyewe.

Bibi ndiye aliyesema neno la mwisho katika kikao kile. Alikuwa na kipande chake cha ardhi ng'ambo ya mto, mteremko mkali, chenye mihogo michache ya zamani. Akasema mjomba akifyeke sasa, wakati mvua ni haba, ili Machi kiwe tayari. Mavuno ya kwanza yawe yake mwenyewe, auze apendavyo, asiulizwe. Baba mkubwa aliandika hayo daftarini chini ya ada za shule. Debe moja la maharagi ya mbegu limetengwa chini ya kitanda cha bibi, na wapishi wote wa kiwanja wameambiwa wasiliguse.