Mpira Ndio Hufa Kwanza

Gari la miaka ishirini likianza kugonga upande wa mbele, shoki ndizo hulaumiwa kwanza. Mwenye gari hununua mbili mpya, akafungiwa, akalipa, na kwenye tuta la kwanza anasikia ko-ko-ko ileile. Shoki iliyokufa huliacha gari likiyumba na kurukaruka baada ya shimo. Kugonga ni habari nyingine. Mara nyingi mkosaji ni kipande cha mpira kisichofika ukubwa wa ngumi: bushi ya mkono wa chini, ule ambao mafundi huuita loa amu.

Nakuru na vitongoji vyake ni mahali pagumu kwa mpira huo. Ukiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, kila ukikanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele, na mkono wa chini husukumwa nyuma dhidi ya bushi zake. Toka lami uingie njia za mashambani juu ya Njoro na Mau Narok, gari limejaa viazi, na bushi inasukwa kila upande. Juu ya hayo kuna vumbi. Udongo wa huku umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, na majivu hayo ni chembe za kioo. Diatomaiti, ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ni wa mabaki ya viumbe wa ziwani, lakini nao hukwaruza: hutiwa kwenye dawa za kung'arishia vyuma. Kifuniko cha mpira cha bolijointi, kile kiungo kati ya mkono na gurudumu, kikipasuka, vumbi hilo huchanganyika na grisi, na chuma huanza kujisaga chenyewe.

Hata gari lenye sifa ya uimara haliepuki spana. Peugeot 504 ilipendwa sana huku, na kwa haki. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi ilibeba abiria kati ya Nairobi na Nakuru. Watu husimulia uimara wake kana kwamba halikuwa gari la kuguswa na spana. Lakini magari ya mashindano yalisubiriwa na mafundi njiani, wenye spea mkononi.

Kabla ya kununua chochote, pima. Weka jiwe nyuma ya tairi la nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha egemeza gari kwenye stendi; jeki peke yake haiaminiki. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama bolijointi. Shika tena kushoto na kulia: mchezo wa huko kwa kawaida hutoka kwenye tairodi, fimbo ya usukani. Kwa bushi, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono na fremu, usukume taratibu ukiutazama mpira. Nyufa ndogo za juu juu si neno. Mpira ulioachana na chuma chake hauna dawa. Kwenye magari ambayo mkono wa chini ndio hubeba uzito wa gari, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, la sivyo bolijointi mbovu itajificha.

Sasa kuna kosa linalofanywa gereji nyingi, nalo linaua bushi mpya mapema. Ndani ya bushi mna bomba dogo la chuma, nje mna bomba kubwa, na mpira umegandishwa kwa yote mawili. Boliti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena; mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Fundi akikaza boliti wakati gurudumu linaning'inia hewani, gari likishushwa mpira unakuwa umeshasokotwa hata kabla ya safari kuanza. Kila shimo linauvuta zaidi, kisha unachanika, na spea inaitwa feki. Pengine ni feki kweli, soko limejaa. Lakini boliti hizo zilipaswa kuingizwa kwa mkono tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswetikiswe kidogo, ndipo zikazwe. Wala usipake grisi wala oili ya injini kwenye bushi ya namna hii: mpira huvimba na kulainika.

Kuhusu spea za eksi-Japani, maoni yangu ni haya: chuma nunua, mpira acha. Mkono mzima uliotolewa kwenye gari lililovunjwa huweza kuwa imara kuliko mpya wa bei ya chini, ila bushi zake zimezeeka, hivyo zitolewe kwa presi zifungwe mpya. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja.

Nati ya bolijointi yenye pini, tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nyuma kamwe. Na kabla ya kufungua tairodi, tia alama ya rangi kwenye nyuzi zake. Alama itakufikisha salama kwa mwenye mashine ya alaimenti, haichukui nafasi ya mashine. Uende siku hiyohiyo, maana magurudumu yasiyotazama njia moja hula kingo za matairi mapya upesi kuliko mtu anavyodhani.